Mchanga wa Diani Hauna Jibu la Mwalimu

Mwanafunzi anayeanza kemia chuoni, atoke Msambweni au Kinango, hufika na mazoea ya kutafuta namba ya mwalimu. Katika karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, baadhi ya alama za titresheni hutolewa kwa kulinganisha jibu lake na lile alilopata mwalimu wa shule. Akijua kwamba jibu limeshaandikwa mahali, kishawishi cha kupika matokeo ni kikubwa, na mimi simlaumu.

Mwaka 1962 Mmarekani Joseph Schwab alipendekeza maabara zipimwe kwa maswali matatu: nani ametoa swali, nani ametoa njia, nani ametoa jibu? Miongozo yetu mingi hutoa yote. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwahimiza walimu wa sekondari watumie majaribio na vifaa vya kubuni. Vyuo vina nafasi ya kwenda mbali zaidi, na Kwale malighafi imelala ufuoni.

Mchanga mweupe wa Diani umetokana hasa na matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti. Kwenye mlango wa mto Mwachema, maji huleta pia mchanga wa bara. Basi wape wanafunzi swali moja tu: kila mchanga una kaboneti kiasi gani? Njia watafute wenyewe.

Wengi watataka kudondoshea mchanga asidi moja kwa moja kutoka kwenye bureti. Povu litatoka polepole, na hawatajua ni wapi pa kukomea. Hapo mwalimu avumilie, asiokoe jahazi mapema. Baadaye mmoja atasema: tumwage asidi ya kuzidi, tungoje povu liishe, kisha tupime iliyobaki. Wamefikia titresheni ya nyuma kwa kuihitaji.

Tuseme gramu 1 ya mchanga mkavu uliooshwa chumvi imetiwa sentimita za ujazo 50 za asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, na iliyobaki ikahitaji 36 za sodiamu hidroksidi ya nguvu hiyo hiyo. Zilizotumika ni 14, sawa na gramu 0.70 za kaboneti. Sasa wachuje masalio, wayakaushe, wayapime. Yakiwa gramu 0.30, hesabu zimekubaliana. Yakiwa 0.38, kuna kazi: je, masalio hayajakauka, au hayakuoshwa vizuri? Mjadala huo una kemia nyingi kuliko jedwali lolote lililojazwa vizuri.

Sisemi waachiwe kila kitu tangu siku ya kwanza. Asiyejua kushika pipeti afundishwe kwanza, na mpango wa kila kundi usainiwe na mwalimu kabla ya asidi kuguswa. Lakini usahihishaji lazima ubadilike: alama ziende kwa sababu za kuchagua njia, kwa vipimo vilivyorudiwa, na kwa namba mbaya iliyoandikwa kama ilivyotokea.