Mama Yuko Kwayani, Ndizi Ziko Jikoni

Ukitaka kujua Krismasi inaanza lini huko Machame, kwenye Mlima Kilimanjaro, acha kalenda, kaangalie jiko la nje la bibi. Siku anapoinjika sufuria kubwa lililojaa ndizi mbivu na kuzichemsha kutwa nzima mpaka zigeuke rangi, sikukuu imeshaanza. Ndizi hizo ni za mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Zikipoa hufunikwa zichachuke kwa siku kadhaa. Wakati huo ulezi nao umeshalowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, kwa maana mwishoni utapikwa uji mwepesi wa ulezi na kuchanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa. Ukichanganya leo, watu wanakunywa kesho. Usipoanza mapema, mbege hakuna, na wageni watakuangalia. (Mbege si kinywaji cha watoto, msije mkaniletea kesi na mama zenu. Wapo na watu wazima wa kanisani wasioigusa.)

Nimeanza na sufuria la bibi ili muone jambo moja: anahesabu kurudi nyuma. Anaanza na tarehe 25, anatoa siku za kuchachua, anatoa siku za kuotesha ulezi, anapata siku ya kukata mkungu.

Kanisa nalo linahesabu hivyo hivyo. Kabla ya Krismasi kuna Jumapili nne za Majilio, na katika makanisa mengi utaona taji la majani lenye mishumaa minne, kila Jumapili ukiwashwa mmoja zaidi. Jambo hilo lilianza kwa ajili ya watoto. Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, Mlutheri mmoja aliyeitwa Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika makao yaliyoitwa Rauhes Haus. Watoto wale walimchosha kwa swali mnalolijua: Krismasi lini? Lini jamani? Basi akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, ukiwa unawashwa mmoja kila siku. Watoto wakajihesabia wenyewe, naye akapumzika. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka nchi hiyo hiyo, walifika Machame mwaka 1893, na ndiyo maana mpaka leo mambo mengi ya Krismasi ya Kilutheri kule mlimani, pamoja na matarumbeta yanayopigwa kanisani, yana asili ya Ujerumani.

Basi nyumbani kuna hesabu yake, kanisani kuna hesabu yake, na zote mbili zinaishia jioni moja. Mbaya zaidi, mara nyingi zinaishia mikononi mwa mtu mmoja.

Sasa niwasimulie kisa cha Manka. Manka nimemtunga mimi, lakini ukienda Machame mwezi wa Desemba nyumba yao utaikuta, tena zaidi ya moja.

Manka ana miaka kumi na mmoja. Mama yake anaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika na ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, yaani ndiye anayewafundisha watoto igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Baba yake ni mzee wa kanisa. Bibi yake ndiye mwenye kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Tarehe 22, shangazi aliwasili kutoka Arusha na watoto watatu. Tarehe 23 usiku akafika baba mdogo kutoka Dar es Salaam na familia yake, wamechoka na basi, miguu imevimba, wamebeba mifuko ya mchele na soda. Ndivyo ilivyo Kilimanjaro: Desemba ikifika, waliotawanyika mijini wanarudi kwao. Na kwa kuwa watu wamerudi, mwezi huo huo ndio unaojaa harusi, ubatizo na ibada za shukrani. Mtoto aliyezaliwa Dar mwezi wa Juni anasubiri abatizwe Desemba, mbele ya babu na bibi. Kwa hiyo wazee wa kanisa na wanakwaya wanazidiwa na kazi wakati ule ule nyumba zao zinapojaa wageni.

Tukio lenyewe ni la tarehe 24, saa nane mchana.

Mama Manka amekaa kwenye kigoda jikoni. Mbele yake kuna mikungu miwili ya mchare, ndizi za machalari, na hata nusu ya mmoja haijamenywa. Pembeni kuna beseni la maji, maana ndizi ikimenywa isipotiwa majini hubadilika rangi ikawa nyeusi. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, bado yu hai, analia. Maharage yako motoni. Shangazi anatafuta viungo vya pilau. Watoto wanakimbizana kwenye migomba. Mazoezi ya mwisho ya kwaya ni saa kumi, igizo linatakiwa lipitiwe mara moja zaidi saa kumi na moja, na ibada ya mkesha inaanza saa moja usiku. Mama anamenya huku akiimba taratibu sauti yake ya pili, ile ambayo ukiisikia peke yake unadhani mtu amesahau wimbo.

Kisha akanyamaza.

“Manka, mwanangu,” akasema, “nenda kanisani uwaambie wenzangu sitafika. Waimbe tu. Na igizo mwambie dada yule wa umoja wa vijana alisimamie.”

Manka akasimama pale pale. Yeye ndiye malaika wa igizo, mabawa yake ya boksi na shuka nyeupe yako tayari chini ya kitanda. Tena anajua kwamba sauti ya pili ina akina mama wanne tu. Dada wa umoja wa vijana hajui nani anaingia lini, na mara ya mwisho wachungaji waliingia jukwaani kabla ya Yesu kuzaliwa.

Baba mdogo alikuwa anapita na simu yake, akitafuta mtandao. Akacheka. “Shemeji, umekuwa Marta wa kwenye Biblia! Mambo mengi!”

Hapa ngoja niwaeleze, kwa wasiokijua kisa hicho. Injili ya Luka, sura ya 10, inasimulia juu ya ndugu wawili, Marta na Mariamu, waliotembelewa na Yesu. Mariamu alikaa kumsikiliza mgeni. Marta alihangaika na maandalizi mpaka akamlalamikia mgeni mwenyewe kwamba ndugu yake amemwachia kazi. Yesu akamwambia Marta kwa upole kwamba anasumbuka na mambo mengi, na Mariamu amechagua fungu lililo jema. Tangu hapo maskini Marta amekuwa mfano wa mtu anayependa jiko kuliko neno. Mimi sikubaliani sana na wanaomsema. Ukisoma Injili ya Yohana, sura ya 12, unamkuta Marta tena kwenye karamu nyingine, Yesu yupo, na bado yeye ndiye anayehudumia. Safari hiyo hakuna anayemkemea, wala yeye halalamiki. Chakula lazima kipikwe na mtu.

Bibi alikuwa mlangoni, amesikia kila neno.

“Wewe unayemwita mwenzako Marta,” akamwambia mwanawe, “Marta aliomba nini? Aliomba asaidiwe. Kaa hapo. Chukua kisu.”

“Mimi, mama?”

“Wewe. Paka mafuta mikononi kwanza.”

Baba mdogo akacheka, akakaa, hakupaka mafuta. Mtu wa Dar, mikono yake anaijua mwenyewe.

Bibi akamtuma Manka awaite wote. Wakaja wakasimama uani, hata watoto waliokuwa kwenye migomba. Bibi hakutoa hotuba. Aliuliza swali moja: kitu gani kisipofanyika leo Krismasi itakuwepo tu? Watu wakatazamana. Shangazi akasema pilau lazima. Bibi akasema pilau italiwa tarehe 26, nayo ni sikukuu, na mchele hauozi. Kuku wawili waliopangwa kuchinjwa wakasamehewa. Keki ambayo mke wa baba mdogo alitaka kuijaribu kwenye jiko la kuni ikaahirishwa, na nadhani hapo bibi aliokoa mambo mengi. Vikabaki machalari, nyama ya mbuzi, maharage, na mbege iliyokuwa imeshakaa sawa. Wavulana wakatumwa maji. Shangazi akakabidhiwa jiko lote mpaka saa mbili usiku.

“Na baba yenu yuko wapi?” bibi akauliza.

Baba yuko kanisani, Manka akajibu, anafunga maturubai. Maturubai hufungwa nje kwa sababu siku ya Krismasi waumini hawatoshi ndani, pale wanapoongezeka wale waliotoka mijini. Ni kazi ya kweli, nami siidharau. Lakini baba Manka alikuwa kanisani tangu tarehe 20, kila siku, kutwa. Nawafahamu akina baba ambao majukumu ya kanisa huwaita hasa kukiwa na mkungu wa kumenya. Bibi akampigia simu.

“Wazee wa kanisa mko wangapi?” akamuuliza. Sikuambiwa baba alijibu nini. Ninachojua ni kwamba saa tisa na nusu alikuwa nyumbani, mikono ya shati imekunjwa, anachinja mbuzi. Wenzake wawili walimalizia maturubai. Yeye akaahidi kwamba kesho yake atabaki kuhesabu sadaka, ambayo haiwezi kuachiwa mtu yeyote tu: wazee waliochaguliwa hukaa pamoja, huhesabu, huandika, hutia saini. Ndiyo tofauti niliyotaka muione. Kazi ya kuhesabu sadaka ilikuwa ya kwake hasa. Kufunga kamba za turubai angeweza mtu mwingine.

Mama Manka akanawa mikono, akavaa, akachukua daftari lake la nota. Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa njiani, Manka akimfuata na mabawa yake kichwani ili yasiguse matope, maana mvua za vuli zilikuwa hazijakatika.

Igizo lilikwenda vizuri. Mchungaji mmoja wa kondoo alisinzia kwelikweli akaamshwa na malaika kwa teke, jambo ambalo halimo katika Injili.

Asubuhi ya tarehe 25 ibada ilijaa mpaka chini ya maturubai. Baada ya ibada ukafuata mnada. Kwa wale ambao hawajauona: si kila muumini ana fedha za kutia kwenye sahani, kwa hiyo mwingine huleta mayai, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, mwingine chupa ya maziwa. Vitu hivyo hupigwa mnada nje ya kanisa, na fedha inakuwa sadaka. Mara nyingi anayenunua hukirudisha kitu kile kile kiuzwe tena, kwa hiyo parachichi moja linaweza kununuliwa na watu watatu likabaki pale pale. Waliotoka mijini ndio hupandishana bei, na huwa ni furaha kubwa kuwatazama.

Baba mdogo naye aliunyoosha mkono kununua jogoo. Mkono ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni ya kawaida, unakaa siku kadhaa, na kila mama aliyekuwepo alijua mkono ule ulikuwa wapi jana yake. Walimpigia vigelegele kuliko mnunuzi mwingine yeyote. Jogoo akampata kwa bei ambayo hakuitarajia.

Walikula saa tisa alasiri, baada ya baba kumaliza kuhesabu. Ndiyo, walichelewa, na watoto walikuwa wameshadokoa nyama. Kabla ya wengine kupakuliwa, Manka alipeleka sahani kwa bibi wa jirani ambaye wanawe hawakuja mwaka huo. Halafu mama Manka akala amekaa. Muulize mama yako ni Krismasi ngapi amekula amekaa.

Mazoezi ya kwaya, zamu za usafi na siku ya igizo hutangazwa kanisani wiki kadhaa kabla. Basi Jumapili yatakapotangazwa, msomaji wangu, yaandike, na jioni wakati wa chakula yasome kwa sauti baba, mama, kaka na dada wote wakiwepo. Kisha itaje kazi moja ya jikoni iwe yako tarehe 24. Na ikiwa utachagua kumenya ndizi, paka mafuta kwanza.