Pua Iliyoziba na Matone ya Dukani

Wengi hudhani pua huzibwa na kamasi, hivyo hupenga mpaka masikio yakauma. Mara nyingi kinachoziba ni utando wa ndani ya pua, ambao mishipa yake ya damu imevimba kwa mafua, mzio wa vumbi au moshi wa udi.

Matone ya dukani yenye zailometazolini huibana mishipa hiyo, na mgonjwa hupumua ndani ya dakika chache. Tatizo ni kuendelea nayo. Yakizidi siku 5, pua huziba zaidi kila dawa inapokwisha nguvu, naye hutia tena. Wapo wanaotembea na kichupa mfukoni, hata msikitini! Tiba yake ni kuyaacha, ingawa siku za mwanzo ni ngumu.

Badala yake chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250, kisha safishia pua. Kupandisha maji puani si jambo geni kwa mwenye kutawadha. Antibayotiki haziui virusi vya mafua.

Mtoto aliyeziba tundu moja tu, likitoa uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali. Huenda ameingiza punje ya haragwe.