Bastola Kiunoni: Gramu Zake na Mwili Wako

Niko Dubai, ambako jua halina huruma na kodi ya chumba haina udugu. Safari hii nimeona niandike juu ya jambo ambalo wenzangu hunicheka nikilitaja, lakini tukikaa kwa chai hakosi mtu wa kuliuliza. Kuna wenzetu wanaomaliza masomo na kurudi nyumbani kushika duka la baba, forex au kampuni ya malori. Huko wanamkuta baba ana bastola ya kibali, na anataka mwanawe naye aombe kibali chake. Swali lao la kwanza huwa ni ipi iliyo nzuri. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: utaibebaje masaa kumi na mawili, kila siku, bila mtu kuiona na bila wewe mwenyewe kuichukia?

Tuelewane mapema. Hapa Emirates mambo hayo hayapo kwetu sisi wageni. Hata ganda la risasi ulilotengeneza kishikio cha funguo usilitie kwenye begi la safari, utajieleza hadi ndege ikuache. Nazungumzia nyumbani. Kenya wana Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Bodi ya Utoaji Leseni. Wenye vibali wanakumbuka mwisho wa 2018, wote walipotakiwa kwenda kuhakikiwa upya. Tanzania wana sheria yao ya 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Kibali ni cha mtu mmoja kwa jina lake, na bastola yenyewe inatakiwa ikae imefichika, si kuning'inia kama simu ya kuringia.

Sasa tuje kwenye mizani. Kule Kenya ukisema "Ceska" kila mtu anajua ni bastola, manake zile za kiwanda cha Wacheki zimekaa mikononi mwa watu miaka mingi. CZ 75, ambayo ni ya chuma mwili mzima, ina uzito wa kilo moja ikiwa tupu. Jeshi la Austria lilipochukua Glock 17 mwaka 1982, fremu ikawa ya plastiki ngumu, na uzito ukashuka sana. Mdogo wake, Glock 19, ana gramu 670 hivi akiwa na magazini tupu. Hata Waarabu wa hapa wana kiwanda chao, Caracal, kule Abu Dhabi, nacho kilianza na bastola za fremu ya namna hiyo hiyo. Siku hizi zipo ndogo zaidi, za nusu kilo tu.

Lakini muuzaji anakutajia uzito wa bastola tupu, na hakuna anayebeba bastola tupu. Risasi moja ya milimita 9 ni kama gramu 12. Tia kumi na tano, umeongeza gramu 180. Glock 19 inafika gramu 850, na ile Ceska ya chuma inakuwa kilo moja na ushei. Mkononi dukani utaona si kitu. Mpe mtu pakiti ya sukari ya kilo moja aishike dakika mbili, atakwambia nyepesi. Mfunge kiunoni upande mmoja tangu asubuhi hadi isha, halafu umuulize tena.

Mzee wangu ana duka la simu Mombasa na ana kibali tangu mimi niko shule ya msingi. Alianza na bastola ya chuma, na mkanda aliotumia ni ule ule mwembamba wa suruali ya suti. Suruali ikawa inateremka upande wa kulia na yeye anaivuta, inateremka na yeye anaivuta, siku nzima. Ili isionekane, akazoea kuinua bega moja na kubana kiwiko. Miaka ikapita, mgongo ukaanza. Daktari alimtazama anavyotembea, akamuuliza, "Mzee, unabeba nini upande huo?"

Akija Dubai kununua mzigo, bastola huwa ameikabidhi kituo cha polisi nyumbani. Lakini ukitembea naye Deira utaona kiwiko cha kulia bado kinabana kitu ambacho hakipo. Mwili umeshaandika ule uzito na haujui kuufuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu wanaojua, na jibu likawa lile lile: kinachochosha ni kilo, ndiyo, lakini zaidi ni mahali iliponing'inia. Mkanda laini unapinda, bastola inalala nje, na kadiri inavyokaa mbali na mwili ndivyo inavyovuta kama mtu anayening'inia kwenye mlango wa matatu. Mkanda mgumu, mpana, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, unaugawa mzigo huo nyonga nzima. Na ala nayo, yaani mfuko unaoishika bastola, lazima ikumbatie mkanda pasipo kucheza, na ifunike kifyatulio chote. Watu wanatoa pesa nyingi kwa bastola, halafu ala wananunua ya bei ya chapati.

Jambo hili babu zetu wa pwani walilijua. Ukialikwa harusi ya Waomani utawaona wamevaa hanjari, ile ile iliyo kwenye bendera yao, na ile ile unayoiona kwenye picha za masultani wa Zanzibar. Ile ala yenye fedha si nyepesi. Lakini iangalie: mkanda mpana umekazwa juu ya kanzu, hanjari imekaa katikati ya tumbo, si kulia wala kushoto. Mzee wa Kiomani anakaa, anakula, anasimama kusalimia watu mpaka usiku, na habebi bega upande. Tofauti ni kwamba yeye hafichi. Ukitaka kuficha, ndipo taabu inapoanza, kwa sababu kilicho kinene kinachomoza chini ya shati, na mara nyingi unene wa mpini ndio unaokusaliti kabla ya uzito.

Basi si kila mtu achukue ile ya nusu kilo, yaishe? Mliosoma fizikia nisaidieni. Risasi ya kawaida ya milimita 9 inatoa kichwa cha gramu 8 hivi kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde. Bastola lazima irudi nyuma kwa kiasi hicho hicho cha mwendo. Ikiwa na nusu kilo badala ya kilo, inarudi kwa kasi mara mbili, na nishati inayofika kiganjani nayo ni mara mbili. Teke hilo si mchezo. Mtu anapiga risasi ishirini uwanjani, kiganja kinauma, wiki ijayo hataki kwenda mazoezini. Mwaka unaisha anabeba kitu asichojua kukitumia, na huyo kwangu ni hatari kuliko asiye nacho. Wengi niliowauliza wameishia katikati, gramu 800 au 900 pamoja na risasi, nami nadhani ndipo penye akili.

Kukaa pia ni kazi. Ukiiweka mbele tumboni, ukiinama kufunga kiatu inakuchoma mbavu. Ukiiweka nyuma ya nyonga, kiti cha gari kinaisukuma na mkanda wa usalama unaizuia. Katikati ya mgongo ndiko kubaya kuliko kote: ukianguka chali, chuma na uti wa mgongo vinakutana. Hata pochi nene ukiikalia miaka inabana neva ya paja, sembuse bastola. Halafu joto. Nairobi una koti, sawa. Mombasa na Dar una shati jepesi lililolowa jasho, na jasho hilo hilo linakula chuma kwa kutu. Akina dada ndio wamesahauliwa kabisa, manake vifaa vingi vimekatwa kwa suruali na nyonga za kiume. Dera halina mkanda. Wanaambiwa watie mkobani, na mkoba ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokwapua.

Mtanisamehe nikikaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa kweli. Bastola inayoumiza haibebwi. Inavuliwa. Inawekwa kwenye dashibodi, chini ya kiti, juu ya kabati. Mzee wangu alikuwa akifika nyumbani mgongo unawaka, anaivua kabla ya viatu na kuiweka juu ya friji. Sisi watoto tulikuwa wanne, na mdogo wetu alikuwa ameshajua kupanda kiti. Mama hakupiga kelele. Alisema, "Baba watoto, hicho kitu ama kiko mwilini mwako ama kiko kwenye sefu. Pahala pa tatu hapa nyumbani hapapo." Wiki ile ile fundi alikuja kuifunga sefu ukutani. Mkanda mzuri alikuja kuununua baadaye, na ile ya chuma akaibadilisha kwa nyepesi zaidi.

Najua mtu atanikumbusha Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 waliuawa watu 67 pale, na miongoni mwa walioingia mwanzo kuokoa wengine walikuwamo raia wenye vibali. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, hakuwa hata kwenye jengo. Alipata ujumbe wa simu wa ndugu yake aliyenaswa ndani, akaenda na bastola aliyokuwa nayo. Ingekuwa imeachwa kwenye droo sijui ingekuwaje. Hilo sibishani nalo. Ila siku kama ile mtu anaomba asiione maishani, na siku nyingine zote elfu na elfu ni za kubeba tu: kukaa, kuendesha, kusali, kubeba mtoto. Mimi binafsi sijaomba kibali na sina hamu.

Kwa anayetaka, namwambia ajaribu kwanza. Chukua sukari kilo moja, ifunge vizuri kwenye mfuko, itie kwenye mkanda upande wa kulia chini ya shati, uishi nayo wiki nzima. Sukari, jamani, si bastola ya bandia, kwa sababu hapa hata ya plastiki itakuletea maneno na polisi. Jirani yangu wa chumba, ambaye kwao wana forex, aliapa ataimaliza wiki. Siku ya kwanza alitembea kama askari. Siku ya pili alihamishia kushoto. Siku ya nne niliikuta ile pakiti jikoni, imeshafunguliwa, na yeye anakoroga chai.