Sili za pampu na vali: Raba nyeusi si zote za mafuta

Wasafirishaji wanaobeba mafuta kutoka Mombasa na Dar es Salaam kwenda nchi jirani wanashauriwa kuhakiki aina ya sili kabla ya kununua. Sili mpya nayo huvuja ikiwekwa isipofaa.

Nitraili na EPDM zote ni raba nyeusi, vigumu kuzitofautisha kwa macho. Nitraili huhimili dizeli na petroli, hadi joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi. EPDM hufaa kwa maji ya moto, lakini ikigusana na mafuta huvimba na kulainika.

Kwa tindikali ya salfuriki inayopelekwa migodi ya shaba ya Kongo, nitraili haifai. Tefloni huvumilia kemikali nyingi, hadi nyuzi 260. Kwa vali za mvuke wa boila, hutumika pakingi ya grafaiti.

Pakingi ya shafti ya pampu ya maji isikazwe hadi ikauke, kwani matone machache huipoza.

Unapoagiza, mtajie muuzaji kimiminika, joto, presha na vipimo. Ukichagua kwa bei tu, mzigo ukipungua njiani, wa kwanza kuulizwa ni msafirishaji.