Dhamana ya Mkufunzi wa Uzamiaji katika Maji ya Ziwa Victoria

Uzamiaji wa kiufundi ni ule unaovuka mipaka ya uzamiaji wa burudani: kushuka zaidi ya mita 40, kuingia ndani ya meli iliyozama, au kukaa chini muda mrefu kiasi kwamba mzamiaji hawezi kupanda moja kwa moja, bali hulazimika kusimama njiani ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake itoke polepole. Katika hali zote hizo njia ya kukimbilia hewa imefungwa, ama na chuma ama na muda, na mwanafunzi asiyejua bado ni kipi cha kuogopa hutegemea maamuzi ya mkufunzi wake kwa kila pumzi anayovuta.

Ziwa Victoria hulipima tegemeo hilo kwa namna ambayo bahari hailipimi. Uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza miili, ni pungufu huko Mwanza kwa karibu moja ya nane ikilinganishwa na Zanzibar au Tanga. Majedwali ya kawaida yanayompangia mzamiaji muda wa kukaa chini yametungwa kwa ajili ya usawa wa bahari, hivyo anayeshuka mita 25 ziwani anapaswa kuhesabu kana kwamba ameshuka karibu mita 28 baharini. Naye aliyewasili siku hiyo kutoka pwani huwa tayari amebeba naitrojeni ya ziada kabla hajagusa maji. Mkufunzi aliyepata cheti chake pwani, akaja kufundisha ziwani kwa hesabu zilezile, huwapotosha wanafunzi wake hata kama nia yake ni njema, na wao hawana namna ya kuligundua kosa hilo.

Tena maji ya ziwa, hasa karibu na mwambao, mara nyingi huwa na ukungu wa matope na mwani, kiasi kwamba kumwona mwenzako ni shida, na mkono ulioshika kamba ndio macho. Ndiyo sababu mazoezi ya kukatikiwa hewa hayana budi kurudiwa bwawani hadi mwili uyazoee, na mkufunzi awe na ujasiri wa kumwambia mwanafunzi aliyekwisha kulipa ada kwamba hajafaulu.

Lililo gumu zaidi ni heshima. Mwanafunzi aliyelelewa kumwitikia mwalimu na kutobishana naye huona haya kukatiza safari, ilhali kanuni ya wazamiaji wote ni kwamba yeyote, wakati wowote, anaweza kuisitisha bila kuulizwa sababu. Ishara yake ni kidole gumba kuelekezwa juu, ambacho nchi kavu humaanisha mambo ni mazuri, lakini chini ya maji humaanisha kupanda. Mkufunzi asiyewazoeza wanafunzi wake kumwonyesha yeye mwenyewe kidole hicho ameupokea uaminifu wao bila kuulinda.

Umuhimu wa kuwa na wazamiaji hodari katika ziwa hili unajulikana kwa uchungu. Meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka ziwani tarehe 21 Mei 1996, tundu lilikatwa kwenye tumbo lake ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa ikiifanya ielee ikatoka, na meli ikazama. Mwaka 2018, siku mbili baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220, wazamiaji walimtoa akiwa hai fundi mitambo aliyekuwa amebaki ndani yake. Kazi za namna hiyo hufanywa na watu waliofundishwa na mtu fulani.

Kwa hiyo kijana wa Mwanza, Ukerewe au Musoma anayetaka kujifunza uzamiaji amwulize kwanza mkufunzi ni jedwali gani analotumia kwa mwinuko wa ziwa, na akikosa jibu la wazi, asiingie majini.