Msafiri Arudipo, Tusianze kwa Mzigo Wake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo linalozigusa familia nyingi za Kiislamu nchini mwetu: ndugu aliyetoka kwenda nchi za nje kutafuta riziki, na siku anayorejea.

Habari za kwenda husemwa sana. Watu huulizana pasipoti, viza na nauli. Habari za kurudi hazisemwi, kwa kuwa kila mmoja hudhani kwamba kurudi ni furaha tupu. Sisi tulikaa Muscat, Oman, miaka 13, kisha tukarejea kwetu Tabora. Tuliyoyakuta, na yale tuliyoyagundua ndani ya nafsi zetu, ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Siku chache kabla ya kuondoka tulikwenda kumuaga mzee mmoja jirani yetu huko Ruwi. Mzee huyo ni Mwomani kwa asili, lakini alizaliwa Tabora na kukulia mtaa wa Gongoni. Alihamia Oman baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala na watu wengi wa asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki walipofungua safari ya kwenda huko. Alituambia kwamba alipofika nchi ya babu zake aliitwa "Zinjibari", ilhali Zanzibar kwenyewe hakuwahi kuishi hata siku moja. Waliomwambia "umerudi nyumbani" ndio hao hao waliomwita mgeni. Alitupa amana moja tu: tulizuru kaburi la mama yake, tumwombee dua.

NJIA YA WAPAGAZI

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria katika njia hiyo mwaka 2024. Kutoka Dodoma tukachukua basi, tukapita Manyoni na Itigi, na siku ya pili jioni tukawa Tabora. Sehemu kubwa ya safari hiyo haiko mbali na njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, kisha Ujiji. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni na kufika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7. Walikuwa wametembea siku 134. Upande wa mashariki wa Unyamwezi palikuwa na pori la kiu lililoitwa Mgunda Mkali. Sisi tulilipita tukisinzia kwenye viti.

Babu zetu Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa njia hiyo. Katika karne ya 19, kijana asiyewahi kufika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Pagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32. Alikwenda na pembe za ndovu, akarudi na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Husimuliwa kwamba jina la Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo", kwa sababu huko ndiko pagazi alikotua mzigo na roho yake ikatulia.

Hata hivyo, si haki kuisimulia njia hii nusu. Walipita humo watu waliotekwa Manyema na kandokando ya Ziwa Tanganyika, wakapelekwa pwani kwa minyororo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na hata baada ya hapo biashara ile haikwisha mara moja. Wafanyabiashara wengi walikuwa watu wanaosali kama sisi, katika dini iliyoweka kumwacha huru mtumwa miongoni mwa mema makubwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, alikaa bara kiasi cha miaka 12 kabla ya kurudi kwao Zanzibar mwaka 1882. Alikwenda tena bara, akarudi kwa mara ya mwisho mwaka 1891, na akafia kwao mwaka 1905. Wengi waliopelekwa pwani kwa njia hiyo hiyo hawakuona tena kwao. Basi na tujue tangu hapa kwamba kurudi nyumbani ni neema, tena ni neema ambayo wengine walinyang'anywa.

TULIVYOPOKEWA

Tulishuka kituo cha basi wakati adhana ya Magharibi inakaribia. Ndugu walikuwa wengi, Alhamdulillahi. Tulikumbatiana, tukalia. Kisha macho yakaenda kwenye masanduku. Yalikuwa mawili. Tukasikia mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Mengine yanakuja kwa meli?" Hayakuwa yanakuja. Kampuni tuliyoifanyia kazi ilikuwa imepunguza wafanyakazi, na sehemu kubwa ya akiba tulikuwa tumekwisha kuituma nyumbani mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya ujenzi wa nyumba.

Usiku ule tulipakuliwa ugali na kuku, na shangazi yetu akatuwekea michembe pembeni kwa kuwa alikumbuka tuliipenda utotoni. Kati ya watu wote waliojaa ukumbini, ni yeye peke yake aliyetutazama usoni na kuuliza, "Mwanangu, umekonda. Huko ulikuwa unaumwa?" Wengine waliuliza mengi, lakini hilo hawakuliuliza. Ndugu yetu mdogo, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimtumia fedha, alikaa karibu na mlango na hakuinua macho.

Alfajiri, mara baada ya kusali nyumbani, tulikwenda Ipuli kuitazama nyumba. Bibi jirani alitusalimu, "Mwangaluka, baba," nasi tukaitikia huku miguu ikienda mbio. Tulikuta msingi, na juu yake mistari minne ya matofali. Ndani ya vyumba ilikuwa imeota mbarika.

Tulirudi tukiwa na hasira isiyo kifani. Ndugu yetu hakukimbia. Alisema, "Kaka, mama aliumwa miezi minane. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi."

Tukamuuliza, "Na fedha zote zilikwenda hospitali?"

"Hapana, kaka. Nyingi zilikwenda huko. Nyingine nilikula. Sina uongo mbele yako."

Mama yetu alifariki tukiwa Muscat, na habari ya ugonjwa wake ilitufikia siku tatu tu kabla ya msiba. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba tulifichwa. Asubuhi ile tulikumbuka jambo jingine. Kila Ijumaa tulipiga simu nyumbani, na swali letu la kwanza baada ya salamu lilikuwa matofali yamefika wapi. Mara moja mama mwenyewe alipokea simu na kujibu kwa sauti ndogo, "Yapo, mwanangu." Hatukumuuliza sauti imepatwa na nini. Jana yake tu tulikuwa tumeudhika kwa kuwa watu walihesabu masanduku yetu, na kumbe sisi tulikuwa tumehesabu matofali miaka yote.

MTUME ALITUFUNDISHA NINI

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akahimiza kwamba amalizaye haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Yeye mwenyewe alipoona kuta za Madina akirudi, alimhimiza mnyama wake kwa jinsi alivyoupenda mji ule. Aliwakataza wasafiri kuwavamia watu wao usiku kwa ghafla. Na alipofika, alianzia msikitini, akasali rakaa mbili. Sisi tulianzia kiwanjani, na hilo latosha kuonyesha mioyo yetu ilikuwa wapi.

Wala tusidhani kuikumbuka nchi yako ni udhaifu wa imani. Bilal (R.A.), aliyeteswa Makka, alipopatwa na homa Madina aliyataja mabonde ya Makka na nyasi zake kwa hamu kubwa. Naye Mtume (S.A.W.), alipoingia Makka mwaka wa 8 Hijria, aliingia kwa kuinamisha kichwa, akawasamehe wengi waliomtoa. Ansari walihofu kwamba sasa atabaki kwao. Aliwahakikishia kwamba uhai wake na mauti yake ni pamoja nao, akarudi Madina. Alikipenda alikozaliwa, na hakuwasahau waliompokea.

TULIVYOMALIZA

Adhuhuri ya siku ile tulikwenda msikitini, tukasali zile rakaa mbili tulizozichelewesha. Kisha tulimwita baba mdogo na mashahidi wawili, tukaandikiana. Fedha za matibabu ya mama tulizifuta, kwani hilo lilikuwa deni letu sisi kabla ya kuwa lake. Alizokula tulikubaliana azilipe kidogo kidogo kwa kazi ya ujenzi. Hatukusema kwamba hatuna uchungu. Tulisema kwamba yeye ndiye aliyemshika mama mkono alipokata roho.

Jioni tulizuru makaburi. Tulikaa kwa mama yetu mpaka jua likashuka. Kaburi la mama wa yule mzee wa Ruwi hatukulipata. Mtunzaji alituonyesha upande wa makaburi ya zamani, chini ya miembe, ambako udongo umekuwa sawasawa, nasi tukawaombea dua wote waliolala pale. Usiku tulimpigia mzee simu kumweleza, tukiona haya kwa kutoitimiza amana sawasawa. Kabla hatujafika huko alituuliza, "Wewe mwenyewe u mzima? Umelala? Umekula?" Habari ya kaburi aliiuliza mwisho.

Ndugu wasomaji, tunausia mambo matatu. Kwanza, anapokuja mgeni wenu kutoka nje, mtazameni uso kabla ya sanduku, maana huenda anarudi na maradhi, au bila kazi, na aibu imemziba kinywa. Pili, wewe uliye mbali, simu yako ianze kwa hali za watu, na ukisikia sauti imebadilika, uliza. Tatu, fedha za amana ziandikwe na zishuhudiwe, hata kati ya ndugu wa tumbo moja, kwani maandishi huulinda udugu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe salama wote walio mbali, awakutanishe na wazazi wao wakiwa hai, na awarehemu waliopitishwa njia ile ya zamani wasirudi. Amin.

Wabillahi tawfiq.