Moteri ya meli ikizimika katikati ya ziwa

Kwetu maji ni barabara. Tunatoka Goma kwenda Bukavu, Uvira kwenda Kalemie, na wakati vita inapofunga njia ya nchi kavu, meli inabaki njia pekee. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 3 Oktoba 2024, wakati meli iliyotoka Minova, imejaa watu kupita kiasi, ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Watu wengi walikufa wakiwa wanaona nchi kavu. Kila mara tunalia, tunazika, kisha tunapanda tena bila kuuliza neno. Basi tujifunze kidogo meli inategemea nini.

Moteri ya mazutu haihitaji cheche ya umeme ili kuwasha mafuta. Inakaza hewa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kupita digrii 500. Hapo mazutu yanapulizwa ndani, yanawaka yenyewe, na nguvu hiyo inazungusha propela. Kwa hiyo moteri inadai vitu vitatu: hewa, mazutu safi, na maji ya kuipoza. Mazutu ya bidoni yaliyochanganyika na maji au uchafu yanaziba filta, na moteri inazimika. Maji ya kupoza katika meli nyingi yanavutwa kutoka ziwani, kupitia tundu lililo chini ya meli. Mfuko mmoja wa plastiki ukiziba tundu hilo, moteri inapata joto kali na kuharibika. Ndiyo sababu fundi mzuri hasinzii: anaangalia kipimo cha joto na kuhakikisha maji ya kupoza yanatembea.

Umeme nao unatoka kwa moteri hiyo hiyo. Inazungusha dinamo, dinamo inajaza betri, na betri zinalisha taa, redio, na pompi ya kutoa maji yanayoingia chini ya meli. Moteri ikizimika, zinabaki betri tu. Meli iliyopangwa vizuri ina betri za kuwashia moteri peke yake, na zingine za taa na pompi, ili taa zisimalize nguvu ya kuwasha tena.

Lakini hatari kubwa zaidi ni hii: bila moteri, usukani nao unapoteza nguvu. Usukani unafanya kazi kwa sababu maji yanapita kwa kasi pembeni yake. Meli ikisimama, upepo unaigeuza, na mawimbi yanaipiga ubavuni. Nanga haisaidii kila mahali: Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya metre 450 katika sehemu zake ndefu, na Tanganyika inapita metre 1,400. Kamba ya nanga haifiki chini.

Meli yenye mzigo wa kadiri inaweza kuvumilia hayo mpaka fundi arekebishe. Meli iliyojaa kupita kiasi, magunia yamepangwa juu, haina nafasi ya kuvumilia. Inainama kidogo, watu wanakimbilia upande mmoja, na inapinduka.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda, tuulize: Je, majina yetu yameandikwa? Jile za kuelea zinatosha watu wote, hata watoto? Meli imezama majini kiasi gani? Na ikitikisika, tukae chini mahali petu, tusikimbie.

Katika Matendo ya Mitume 27, meli iliyombeba Paulo ilivunjika, lakini hesabu ya waliokuwa ndani ilijulikana: watu 276. Wote walifika pwani. Meli zetu nyingi zinazama bila mtu kujua ni wangapi walipanda. Tuanze na hesabu. Na meli ikiwa imejaa, kungoja ya kesho si aibu.